Vinyoleo vya Zamani vyenye Namba: Kipi Huacha Uso Ukiwa Laini Zaidi?

SWALI

Nimepata nafasi ya kununua kimoja kati ya vinyoleo vitatu vya zamani vya chuma, vile vinavyotumia wembe mmoja wenye makali pande mbili na vyenye gurudumu la namba la kurekebishia ukali. Cha kwanza ni Gillette mnene ambacho wakusanyaji hukiita Fatboy, chenye alama F2. Cha pili ni Gillette Slim chenye alama J3. Cha tatu ni Merkur Progress. Ndevu zangu ni ngumu na zimejikunja, hasa shingoni, na huko ndiko vipele hutoka kila ninyoapo. Nataka nikipitisha kiganja usoni nisihisi hata kisiki cha unywele. Je, ni kipi kinachonyoa hadi chini zaidi, na nikiweke namba ngapi?

JIBU

Kazi yangu ni kusafisha na kutengeneza vinyoleo vya aina hii, na swali lako huletwa kwangu mara nyingi likiwa na dhana moja ndani yake, kwamba namba kubwa ndiyo inayonyoa hadi chini zaidi. Dhana hiyo si sahihi, na kwa mtu mwenye ndevu kama zako inaweza kumharibia shingo. Kwa hiyo nitaeleza kwanza namba hizo zinabadilisha nini, kisha nitavilinganisha vinyoleo vyako.

Ukikitazama kinyoleo kwa upande, utaona wembe umebanwa kati ya kifuniko cha juu na bamba la chini ambalo kingo zake ndizo kinga ya ngozi. Kati ya makali ya wembe na kinga hiyo kuna mwanya mwembamba. Gurudumu la namba hufanya kazi moja tu, nayo ni kuupanua au kuubana mwanya huo. Mwanya ukiwa mdogo, kinga huitandaza ngozi karibu sana na makali, na ngozi haipati nafasi ya kuinuka mbele ya wembe. Mwanya ukiwa mkubwa, ndevu ndefu na povu zito hupita bila kuziba, lakini ngozi nayo huvimba kidogo ndani ya mwanya huo na kukutana na makali ikiwa imejiinua. Zaidi ya hayo, kadiri kinga inavyokaa mbali, ndivyo makali yanavyopungukiwa na tegemeo, na wembe wenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita huanza kutetemeka unapogonga ndevu ngumu. Mtetemo huo huusikia mkononi, na ngozi huuona baadaye.

Kwa hiyo namba hueleza ni kazi kiasi gani wembe unaweza kufanya kwa mkupuo mmoja. Ulaini wa mwisho hutokana na mambo mengine: wembe wenyewe kuwa mkali, ndevu kuwa zimelowa vya kutosha, ngozi kuvutwa ikawa tambarare, wembe kukutana na ngozi kwa pembe ya takriban nyuzi 30, na idadi ya mipito pamoja na mwelekeo wake. Mtu anayepita mara tatu kwa namba 3, akipunguza ndevu kidogo kidogo, kwa kawaida hupata uso laini kuliko anayepita mara moja kwa namba 9, na hutoka bila michubuko.

Historia ya vinyoleo hivi inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1955 Gillette waliuza kinyoleo chao cha Super Speed kwa viwango vitatu vya ukali, vikitofautishwa kwa ncha ya mpini: cha ncha ya buluu kilikuwa kwa ngozi nyororo na ndevu chache, cha kawaida kilikuwa kwa watu wengi, na cha ncha nyekundu kilikuwa kwa ndevu nzito. Mnunuzi alitakiwa kujijua kabla ya kununua. Mwaka 1958 wakaja na kinyoleo kimoja chenye namba 1 hadi 9, ambacho kiliuzwa kwa dola 1.95 na kwa sababu hiyo kikaitwa 195, ndicho hicho kinachoitwa Fatboy leo. Lengo lilikuwa kukusanya viwango hivyo mkononi mwa mtu mmoja ili ajichagulie kulingana na uso wake. Namba 9 iliwekwa kwa ajili ya ndevu nzito, na wala haikukusudiwa kuwa kilele ambacho kila mtu akifikie.

Kuna jambo la pili katika historia hiyo ambalo wengi hulisahau. Fatboy ilipobuniwa, nyembe za kawaida zilikuwa za chuma cha kaboni, zenye kushika kutu na kupoteza makali upesi. Nyembe za chuma kisichoshika kutu, zenye makali yaliyopakwa utando, zilienea mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Uingereza ya Wilkinson Sword ikitangulia na Gillette wakifuata mwaka 1963. Wembe unaoweka leo ndani ya kinyoleo cha 1960 ni mkali na wa kuteleza kuliko ule ambao wabunifu wake walikuwa nao. Ndiyo maana mimi humshauri mtu aanze chini ya katikati, hata kama babu yake aliapa kwamba namba 7 ndiyo ya mwanamume.

Sasa tuvitazame vyako. Alama zilizo chini ya kichwa cha Gillette ni tarehe: herufi ni mwaka na tarakimu ni robo ya mwaka. F2 ni robo ya pili ya 1960, na J3 ni robo ya tatu ya 1964. Alama hizo zinalingana na miaka ya aina zenyewe, kwa kuwa Fatboy ilitengenezwa kati ya 1958 na 1961, na Slim ikachukua nafasi yake kuanzia 1961 hadi 1968. Ungeniambia kwamba Fatboy yako ina herufi J, ningekwambia kuna vipande vya vinyoleo viwili vilivyounganishwa.

Katika namna ya kukata, hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja. Vyote vina milango miwili juu inayofunguka unapozungusha kirungu cha mwisho wa mpini, vyote vina namba 1 hadi 9, na ukivijaribu kwa wembe wa aina ileile, tofauti ya makali utaitafuta sana. Tofauti yao kubwa iko mkononi. Fatboy ina mpini mnene na uzito mkubwa, na uzito huo humsaidia mtu ambaye mkono wake hautulii, kwa sababu kinyoleo hujishukia chenyewe shavuni bila kukandamizwa. Slim ni nyembamba na nyepesi zaidi, nayo hugeuka kwa urahisi chini ya taya, pembeni mwa koo na chini ya pua. Bei ya Fatboy kwa wakusanyaji mara nyingi huwa juu kuliko ya Slim, na sehemu ya bei hiyo ni sifa tu ya jina.

Merkur Progress, inayotengenezwa Solingen nchini Ujerumani, ni kitu cha aina nyingine. Haina milango. Kifuniko chake huinuliwa kikatoka, wembe ukawekwa, kisha kirungu cha chini huzungushwa ili kukivuta kifuniko kushuka au kukiachia kidogo, na huko kuvutwa na kuachiwa ndiko kunakobadilisha mwanya. Namba zake ni 1 hadi 5, lakini hazina vituo vya kubofya kama za Gillette, kwa hiyo unaweza kusimama mahali popote kati ya mbili na tatu. Wapo wanaoupenda uhuru huo. Mimi huona unawachanganya wanaoanza, maana leo wamesimama hapa na kesho pale bila kujua. Angalia pia kwamba kifuniko kina alama ndogo ambayo lazima ikabiliane na alama iliyo kwenye bamba. Ukikirudisha kinyume, namba unayoisoma kwenye kirungu haitakuwa namba uliyonayo, na malalamiko mengi ya kwamba Progress ina makali ya ajabu huanzia hapo. Katika kukata, Progress ni nzito na thabiti, wembe umebanwa vizuri, na juu ya namba 3 hushughulika na ndevu kwa nguvu kuliko wengi wanavyotarajia. Wala usiilinganishe namba 3 yake na namba 3 ya Gillette, kwa kuwa mizani ni tofauti.

Kwa ndevu ngumu zilizojikunja na shingo yenye vipele, ningechukua Slim, mradi iwe nzima. Sababu yangu ni shingo. Hapo unahitaji kichwa kinachogeuka bila kupoteza pembe, na unahitaji kujua kwa hakika kwamba namba ya leo ndiyo ya jana.

Lakini kuhusu shingo hiyo kuna jambo ambalo hakuna kinyoleo kitakacholibadilisha. Unywele uliojikunja, ukivutwa na kukatwa kwa mshazari chini ya uso wa ngozi, hubaki na ncha kali iliyofichika. Unapoanza kukua, ama hutoboa ukuta wa kinyweleo kutokea ndani, ama hutoka nje kisha ukajikunja na kuchoma ngozi upya. Mwili huutendea kama mwiba, na ndipo vipele hutokea. Maana yake ni kwamba ule ulaini unaoutaka, wa kutohisi hata kisiki, ukiufuata shingoni ndio unaozaa vipele vyenyewe. Mashavuni waweza kuutafuta. Shingoni bakiza kivuli kidogo. Na kama vipele vina usaha au vinaacha makovu, acha kunyoa sehemu hiyo na umwone daktari wa ngozi kabla ya kununua chochote.

Utaratibu ambao ningeanza nao ni huu. Nyoa baada ya kuoga, au baada ya kuziweka ndevu chini ya kitambaa chenye maji ya moto kwa dakika chache, kwa sababu unywele ukilowa hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Paka povu zito kwa brashi. Pito la kwanza fuata mwelekeo wa nywele kwa namba 4, uzito wa kinyoleo ukifanya kazi na mkono ukiongoza tu. Paka povu tena, shusha hadi namba 2 au 3, na pita kwa kukata mwelekeo huo upande hadi upande. Mashavuni, na mashavuni peke yake, unaweza kupita mara ya tatu kinyume cha nywele kwa namba 2. Shingoni tumia namba 2 tangu mwanzo, ishia pito la pili, na usiivute ngozi. Huko kushuka kwa namba kadiri ndevu zinavyopungua ndiko faida halisi ya kinyoleo cha kurekebisha. Asiyekusudia kuligusa gurudumu katikati ya kunyoa angenunua kinyoleo cha kawaida akabakiza fedha. Ukibadilisha namba wembe ukiwa ndani, legeza kirungu cha chini kidogo, zungusha gurudumu, kisha kaza tena, ili usilazimishe vyuma vilivyobanana.

Katika wiki mbili za mwanzo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nyembe za viwanda mbalimbali hutofautiana sana, na mtu akibadilisha wembe, namba na sabuni siku moja hatajua ni nini kilichomkata.

Kabla ya kulipa, kikague kinyoleo. Weka wembe mpya, funga, kisha kielekeze kichwa kwenye mwanga na utazame mwanya wa kila upande kuanzia mwisho hadi mwisho. Ikiwa upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, utoe wembe na uurudishe ukiwa sawasawa. Tofauti ikibaki, bamba limepinda au kinyoleo kimewahi kuangushwa, na hakuna namba itakayorekebisha hilo. Milango ya Slim inapaswa kufunga kwa pamoja, kuwa ya urefu mmoja na kutokuwa na ufa kwenye bawaba. Gurudumu lizunguke kutoka 1 hadi 9 na mwanya uonekane ukibadilika. Likiwa gumu, mara nyingi kosa ni sabuni ya miaka mingi iliyoganda ndani. Loweka kinyoleo kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini, na rudia hadi maji yatoke safi. Usikichemshe, wala usikiache ndani ya siki, kwa kuwa chini ya ule utando wa nikeli kuna shaba ya manjano, na utando ukianza kubanduka hauna dawa isipokuwa kupakwa upya. Kisha kiue vijidudu kwa spiriti kabla hakijagusa uso wako.

Ikiwa J3 ina mwanya usiolingana na F2 ni nzima, chukua F2 bila kusita na utumie namba zilezile nilizotaja, ukikumbuka kwamba uzito wake ni mkubwa na hivyo mkono upunguze shinikizo zaidi shingoni. Progress ningeiacha hadi utakapokuwa umeizoea pembe ya wembe mmoja.