Maswali ya Wasomaji: Chura wa Mwanangu Amesusa Chakula

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni. Mwezi wa tano mwaka jana, masika yamekolea, mwanangu wa kati, wa miaka tisa, alimwokota chura shambani kwa babu yake, Mtwapa. Chura mnene, mgongo rangi ya zeituni, koo lina umanjano, ukubwa sawa na ngumi ya mtu mzima. Akamwita Dodo kwa unene wake. Mwanzo alikuwa hachagui: panzi, kumbikumbi, mende, vyote akimeza. Sasa hivi tuko Februari na leo ni siku ya 19 hajatia kitu kinywani. Tumempa nyama ya kusaga, tumempa vipande vya samaki, hata havitazami. Anakaa kwenye karai la plastiki barazani, chini ya mabati. Maji tunateka kisima cha hapa nyumbani na nabadilisha kila asubuhi, maana sitaki harufu. Watoto wamempambia kwa vijiwe na kombe walizookota ufuoni Pirates. Mwezi uliopita tulipuliza dawa ya mende nyumba nzima. Siku hizi kazi yake ni kujisukuma kinyumenyume kwenye ukingo wa karai, kama anayetafuta njia. Mwanangu huamka usiku kumtazama. Majirani wananiambia nimtupe, chura tu. Nifanyeje?
— Mama wa watatu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usimtupe. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nakushukuru kwa kueleza kila kitu, hata vile vijiwe vya Pirates, kwa sababu humo ndimo nilimoiona shida.

Mtu akiona mnyama hali, huanza kubadilisha chakula. Kwa chura, anza na maji. Chura hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi, hasa ile laini ya chini ya tumbo na mapajani. Akikaa penye unyevu, maji yanaingia yenyewe. Maji hayo yakiwa na chumvi, mambo hugeuka: badala ya yeye kuyavuta, yanamvuta yeye. Umewahi kukata embe mbichi ukaitia chumvi na pilipili, ukaiacha kidogo sahanini? Umeona inavyotoa maji? Ndivyo anavyofanywa Dodo kila siku, polepole, na kiumbe anayekauka ndani hana hamu ya kula.

Utaniuliza, mbona mwezi wa tano alikuwa mzima kwenye maji hayo hayo? Visima vyetu vya Mombasa, kisiwani na bara, vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari. Masika yanapomwagika, matamu huzidi. Ukija ukavu wa kaskazi, mvua hakuna na ndoo zinateremka kutwa, chumvi hupanda. Kisima ni kile kile lakini maji si yale. Huna haja ya kifaa cha kupimia. Chukua sabuni ya kipande, oshea kitambaa: povu likikataa kutoka, au likitoka na utando mweupe, maji hayo hayamfai chura.

Nasema haya kwa uchungu. Nilifundisha bayolojia hapa Mombasa miaka 31. Mwaka 1994 nilikuwa na vyura sita kwenye maabara ya shule, nimewalea miezi. Mfereji ukakauka wiki nzima, nami nikaona maji ni maji, nikawajazia ya kisima jioni kabla ya kwenda nyumbani. Asubuhi nikakuta wanne wamekufa, miguu imenyooka. Wanafunzi wa kipindi cha kwanza cha siku ile waliniona nimekaa kimya kwenye stuli, na hadi leo ninapokutana na mmoja wao sokoni Kongowea hunikumbusha.

Basi leo hii, kabla ya Magharibi, mtoe Dodo kwenye maji hayo. Vile vijiwe na kombe za pwani ondoa vyote. Vina chumvi, na isitoshe chura akimrukia panzi hufumba macho na kufumbata chochote kilicho mbele yake, akameza na jiwe. Jiwe likikaa tumboni, hapo pia atasusa chakula. Mshike kwa mkono uliolowa, umpapase tumbo taratibu kwa kidole kimoja. Ukigusa kitu kigumu kama kokoto, usibonyeze, hiyo ni kazi ya daktari.

Maji ya kumpa: ya mvua kama mmeyahifadhi, au ya mfereji. Ya mfereji yana klorini, nayo huichoma ngozi yake. Yaweke kwenye beseni pana, wazi, saa 24 ndipo uyatumie. Ukinunua kwa wachuuzi wa mikokoteni, muulize muuzaji mtungi ameujaza wapi, na sabuni ikuhakikishie. Yale mliyotia dawa ya kutibu maji ya kunywa, kunyweni nyinyi. Kisha mkalishe Dodo kwenye sahani pana, maji yasipite nusu ya mwili wake, robo saa asubuhi na robo saa jioni, kwa siku tatu. Usimpe chakula siku hizo. Ukiona amejilaza, amebana tumbo chini kabisa na mapaja ameyatandaza, jua anakunywa.

Sasa lile la kujisukuma kinyumenyume, lililonifanya nitabasamu. Kwa maelezo yako, Dodo ni yule chura mkubwa mchimbaji ambaye wanasayansi humwita Pyxicephalus edulis, mwenyeji wa nyanda za pwani yetu. Mtazame nyayo za nyuma: utaona kigumba kigumu, mfano wa ukingo wa jembe. Hachimbi kwa mikono, huchimba kwa miguu ya nyuma huku akizama kinyumenyume. Nchi ikikauka huingia ardhini, hujifunika kwa tabaka za ngozi yake mwenyewe, akalala humo miezi bila kula mpaka mvua imgongee. Dodo haoni kalenda, lakini mwili wake unajua hii ni kaskazi. Kwa hiyo kususa kwake huenda nusu ni maji mabaya na nusu ni wakati wake wa kulala, na karai la plastiki limemnyima pa kuingilia.

Mpe pa kuingilia. Makumbi ya nazi yanafaa kuliko mchanga, nayo kwetu hayanunuliwi. Ila sikiliza sana hapa: usichukue yale yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusukia kamba. Hayo yamelowa maji ya bahari miezi na chumvi imeingia hadi ndani. Chukua makumbi makavu ya nazi mlizofua nyumbani, yachambue mpaka yawe laini, yafue kwa maji matamu mara nne au tano, yakamue. Jaza kwenye ndoo pana au sanduku la plastiki kina cha shubiri moja, yawe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, yasichuruzike. Sahani ya maji iwe upande mmoja. Funika kwa wavu. Na umtoe barazani! Chini ya mabati mwezi wa Februari ni tanuri. Chumba kilicho chini, chenye kivuli na upepo, kinamtosha. Asikae chumba mnachofukiza udi wala mnachowasha dawa ya mbu, kwa sababu ngozi ile ile inayokunywa ndiyo pia inayovuta hewa, na moshi unaingia nayo. Mwanao naye asimshike mikono ikiwa na mafuta, marashi au sabuni. Aisuuze kwa maji matupu kabla, na aioshe kwa sabuni baada, maana vyura hubeba vijidudu vya kuharisha.

Kuhusu mende, nijibu moyoni mwako: mlo wa mwisho wa Dodo ulikuwa mende aliyeokotwa baada ya nyumba kupulizwa? Mende anayepepesuka sakafuni ndiye rahisi kukamatwa na mtoto, na ndiye amebeba sumu. Kama chura anatetemeka miguu au anashindwa kujigeuza akilazwa chali, usisubiri siku tatu zangu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kuanzia leo mende wa nyumbani basi.

Nyama ya kusaga na samaki haviwezi kumvuta, mwanangu. Jicho la chura linatafuta kinachotembea. Kipande cha samaki kilichotulia kwake ni kama kijiwe. Na hata angekula, nyama tupu haina chokaa ya mifupa, mwishowe taya lingelegea. Siku ya nne, giza likianza kuingia, mpe nyungunyungu mmoja. Mtampata kwenye udongo wa migomba, mbali na yanapomwagwa maji ya sabuni. Mshike kwa kibano, umchezeshe mbele ya pua ya Dodo, polepole, watoto wote wamenyamaza. Panzi au nyenje pia, asiyezidi upana wa kichwa chake. Akikataa mpaka Isha, kiondoe, kwa kuwa nyenje mwenye njaa akiachwa usiku humtafuna chura aliyelala. Jaribu tena baada ya siku mbili, wala si kila saa. Na nakusihi, usimfungue kinywa kwa nguvu. Taya huvunjika kirahisi, na chura huyu ana meno ya mfupa kwenye taya la chini, atawauma.

Akijifukia na kutulia, mwacheni. Mtoto asimfukue kila asubuhi kumwangalia. Mpe kazi nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda. Kama mna mizani ya jikoni, mpimeni Dodo leo kwenye bakuli, mwanao aandike gramu daftarini, kisha Jumamosi ijayo, na ile ya pili. Chura mkubwa aliyenona huvumilia wiki kadhaa bila kula. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Na msingoje mizani mkiona wekundu chini ya mapaja na tumboni, tumbo limejaa kama puto, macho yameingia ukungu, au anahema kinywa wazi. Wekundu ule ni ugonjwa wa bakteria, unaua kwa siku chache na unahitaji dawa ya kupimwa kwa uzito wake, si vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini. Mbebeni kwenye kopo lenye matundu na kitambaa kilicholowa, na chupa ya yale maji aliyokuwa anakalia. Daktari aliyezoea mbuzi huenda akashangaa mwanzoni. Mwoneshe daftari la mwanao, atakusikiliza.

Neno moja la mwisho, na najua litamuuma mtoto. Dodo ni mnyama wa mwituni, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kwa anayemfuga. Ongea na ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Maoni yangu ni kwamba akipata nguvu, na kama hajawahi kukaa na mnyama mwingine wa maji, mvua kubwa za kwanza za masika zikianguka mrudisheni pale pale shambani kwa babu, Mtwapa, jioni, ardhi ikiwa imelowa. Si Nyali, si bondeni popote. Pale alipookotwa. Mwanao ndiye amfungulie kopo. Usiku ule vyura dume watakuwa wanaita shambani, na babu amwache akae hata saa nzima kuwasikiliza.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Chura wangu hujivuta ngozi mwilini kama anayevua fulana, kisha anaimeza. Ni ugonjwa?
— Kijana, Likoni

JIBU: Marahaba. Si ugonjwa. Vyura wote hujivua ngozi ya juu, na wengi huila ili wasipoteze lishe iliyomo. Siku hiyo anaweza asitake chakula kingine, kesho atakula.

Wasiwasi ni pale ngozi inapobanduka vipandevipande bila kuisha, imenata miguuni, na chura hatoki majini wala hajibu ukimgusa. Kuna kuvu wa ngozi, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1999, aliyeteketeza vyura mabara mengi. Jirani zetu Tanzania walimpoteza kwa namna hiyo chura mdogo wa Kihansi, wa korongo moja tu duniani, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Bwawa la umeme lilipunguza manyunyu ya maporomoko aliyoyategemea, kuvu naye akaonekana, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Waliosalia ni wale waliokuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani. Uzao wao ulirejeshwa Kihansi mwaka 2012.

Kwa hiyo, kijana wangu, maji machafu ya karai la chura wako usiyamwage mtaroni wala kwenye dimbwi lenye vyura wengine. Yamwage chooni. Na kama unaye wa pili, usitumie sahani moja kwa wote wawili.