Kabla ya Kununua Msumeno wa Mnyororo, Jifunze Kumkatalia Mteja

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Urambo ambaye, baada ya kunipa shikamoo na kunieleza kwamba husoma kila ninachoandika, aliniuliza swali moja tu: anunue msumeno wa mnyororo wa aina gani ili aanze kazi ya kupogoa na kukata miti mjini? Fedha anazo, amezipata katika mauzo ya tumbaku, na haraka anayo. Swali hilo huulizwa na karibu kila anayeniandikia, kwa hiyo ninalijibu hapa kwa wote, ingawa najua jibu langu halitamfurahisha mtu mwenye fedha mfukoni. Msumeno ni kitu cha mwisho kununuliwa katika kazi hii.

Mimi nilifundishwa kukwea miti na mjomba wangu, mfugaji wa nyuki wa upande wa Sikonge, ambaye mizinga yake ilitundikwa juu sana katika miyombo na mininga. Watu humsifu mpandaji kwa wepesi wa mikono na miguu, lakini mjomba alitumia muda mwingi zaidi akiwa chini. Aliuzunguka mti mzima, akagonga shina kwa kisogo cha shoka huku akisikiliza kama ndani kuna uwazi, akatazama kama uyoga umeota karibu na mizizi, kisha akainua macho kutafuta matawi makavu na matundu yenye nyuki waliojipatia makao bila kualikwa. Alipokuwa na shaka aliondoka, hata kama mzinga ulikuwa umejaa asali. Nilipohamia Tabora mjini nilikuta mafundi wenye mashine nzuri kuliko chochote nilichowahi kushika, lakini wengi wao walifika kwenye mti, wakawasha mashine na kupanda.

Kazi za mjini nilizipata polepole, na miaka ya mwanzo haina la kusimuliwa. Wanaoijua Tabora wanajua kwamba miembe ni mali ya mji huu tangu enzi za misafara ya karne ya 19, na kwamba iko kila mahali: barabarani, uani, shuleni, nyuma ya ofisi. Kwa hiyo mwembe ndio uliokuwa darasa langu, na mwembe ndio ulionigombanisha na taasisi moja ambayo sitaitaja.

Taasisi hiyo ilikuwa na safu ya miembe mikubwa iliyodondosha majani juu ya bati na maembe juu ya magari. Ofisa aliyeniita alitaka yote ikatwe vichwa, yaani matawi makuu yakatwe katikati na kubakiza visiki virefu vilivyosimama juu ya shina. Nilimweleza kwa adabu kwamba kazi hiyo siifanyi, na nikampa sababu. Mti uliokatwa hivyo hupoteza majani yanayoulisha, na kwa kujiokoa hutoa machipukizi mengi kwa wakati mmoja. Machipukizi hayo hushikilia karibu na gome tu, hayana mzizi ndani ya tawi kama tawi lililokua tangu mwanzo, ilhali kisiki chenyewe huanza kuoza kutoka juu kwenda ndani. Miaka michache baadaye kimo kimerudi palepale, ila sasa ni matawi mazito yaliyoshikizwa kwenye mbao zinazooza. Nilipendekeza tupunguze matawi yanayogusa bati, tuondoe makavu, na tusitoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja.

Ofisa alicheka. Aliwageukia vijana wangu wa kamba na kuwauliza tangu lini mkata miti amekuwa daktari. Kesho yake alikuja fundi mwingine aliyetaja nusu ya bei yangu, na miembe yote ikakatwa vichwa. Nasema wazi kwamba maneno yale yaliniuma kuliko kukosa fedha, na kwamba kwa muda mrefu nilipita njia nyingine ili nisiione ile miembe. Vijana wangu wawili waliniacha wakamfuata yule fundi, wakidai kwamba mtu anayechagua kazi atalala njaa, na kwa kweli mwezi ule tulikula kwa shida.

Mvua za Novemba iliyopita ndizo zilizonijibia. Upepo uliotangulia mvua uling'oa machipukizi, ambayo wakati huo yalikuwa matawi makubwa, na moja likalala juu ya bati ambalo lilitakiwa kuokolewa. Ofisa mpya alinipigia simu mwenyewe na kuniuliza kama mimi ndiye fundi aliyekataa. Nilimjibu kwamba ndiye mimi, na sina aibu kuandika kwamba nililifurahia jibu hilo. Hivi sasa tunairekebisha miembe ile kwa kuchagua chipukizi lenye shikizo zuri katika kila kisiki, kupunguza uzito wa mengine na kuondoa yaliyooza, kazi ambayo itachukua misimu kadhaa. Bei yake imeipita mbali ile waliyoikataa.

Sasa vijana nisikilizeni. Mnataka kazi ya heshima, mnataka kuitwa na ofisi kubwa, mnataka kuacha kubeba magogo kwa ujira wa siku. Hayo yote hayaletwi na mashine. Mteja anakulipa kwa ajili ya kinachobaki juu ya mti, na asipojua hivyo ni juu yako kumfundisha au kumkatalia. Mkatalie anayetaka mti ukatwe kichwa. Mkatalie anayekuhimiza upande mti uliogusa nyaya za umeme kwa sababu eti mafundi wa TANESCO watachelewa. Umeme hausubiri uguse waya, unaweza kukufikia kupitia tawi bichi au msumeno unaousogeza karibu, na hakuna mwembe wenye thamani ya maisha yako. Mkatalie anayetaka mninga uliobaki kiwanjani uangushwe kabla hamjamwona ofisa misitu. Asiyeweza kukataa hafai kupanda mti, nami ninalisema hili kwa ukali kwa sababu nimewazika watu.

Anayetaka ujuzi wa mikono aanze na tawi moja na msumeno wa mkono. Tawi zito halikatwi kwa pigo moja karibu na shina, maana likianguka huchana gome hadi chini. Kata kwanza kwa upande wa chini, umbali wa kama futi moja kutoka kwenye shina, ufike theluthi ya unene. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza kuelekea ncha ya tawi, tawi litaanguka bila kuchana kitu. Mwisho ondoa kile kisiki kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye shingo ya tawi, yaani pale tawi linapoungana na shina, usiuguse uvimbe huo. Mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua miti mingi kwa msumeno ili kuona kinachotokea ndani ya majeraha yake, alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu. Huzungushia kuta sehemu iliyoumia na kuota mbao mpya nje yake. Uvimbe wa shingoni ndio mlango wa kazi hiyo, na anayeukata ili jeraha lionekane laini amemdhulumu mwenye mti. Rangi na oili chafu mnazopaka juu ya jeraha hazizuii kuoza, kwa hiyo acheni kumtoza mteja kwa ajili yake.

Katika kununua, anza na kamba imara, mkanda wa kujifunga, kofia ngumu, miwani na msumeno wa mkono wenye meno makali, kwa kuwa vitu hivyo vitakufaa hata siku mashine imekosa petroli. Vaa mikono mirefu kwenye mwembe, kwani utomvu wake huunguza ngozi za wengine.

Limebaki jambo la magogo, ambalo limevunja urafiki mwingi kuliko bei. Wachoma matofali wanayataka, majirani wanataka kuni, na mteja mjanja atakwambia malipo yako ni magogo yenyewe. Kabla hujapanda, andikeni kwenye karatasi nani anachukua magogo, nani anaondoa matawi madogo, na nani analipa bati likivunjika, kisha upokee nusu ya fedha mkononi. Mimi humwomba pia jirani atie saini kama shahidi, maana mara nyingi ndiye atakayefika na mkokoteni kabla hatujamaliza kukunja kamba.