Kumtunza Mbwa Kigoma bila Kufilisika: Pa Kubana na Pasipobanwa

Msomaji mmoja wa Tabora ameniandikia akiuliza kama ni lazima amlishe mtoto wa mbwa wake chakula cha punje kinachouzwa kwa mifuko, kwa kuwa muuzaji amemhakikishia kwamba mbwa asiyekula chakula hicho hudumaa. Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Mwanga nilipomleta nyumbani Chui wangu, na aliyeniambia alikuwa na shehena ya mifuko dukani.

Chui ni mbwa wa kienyeji, na hajawahi kuonja punje hizo. Siku nilipotoka kumnunulia dawa ya minyoo, shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba mtu ambaye nyumba yake haijapigwa plasta hana haki ya kutibu mbwa. Wageni walicheka, nami nikanyamaza. Leo mifugo ya jirani imeibwa na yangu ipo, na shemeji huyohuyo ameomba nimtengee mtoto wa kwanza Chui atakapozaa. Nitakuwa mwongo nikisema ombi hilo halikunifurahisha.

Siri yote imo katika sufuria. Msingi wake ni ugali wa dona, na juu yake huja chenga za dagaa, yaani wale waliovunjikavunjika ambao wachuuzi huwauza kwa bei ya chini kwa sababu hakuna mama anayetaka kuwapeleka mezani. Dagaa walioanikwa ufukweni hubeba mchanga, kwa hiyo nawaosha mpaka maji yatulie meupe, kisha nawachemsha. Dagaa wabichi simpi kamwe, maana samaki wa jamii hiyo wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, nacho huharibiwa na moto. Siku za bucha naongeza mapupu, na mara mojamoja kijiko cha mawese, kijiko tu, kwani mafuta yakizidi utayaona uani yakiwa kuhara. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, nilikuwa nimekwisha kuweka gunia la chenga mahali pakavu, na Chui hakujua kama kulikuwa na uhaba. Anayengoja bei ipande ndipo atafute akiba asije akalaumu ziwa.

Fungu la mbwa litolewe kabla mchuzi haujatiwa chumvi na vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Ukimtupia makombo hayo kwa nia ya kubana matumizi, utailipa akiba hiyo kwa daktari wa mifugo.

Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, kwa hiyo kukadiria kwa macho ni kutupa fedha au kumdhuru mnyama. Mimi hupanda mzani nikiwa nimempakata mbwa, kisha hupanda peke yangu na kutoa tofauti. Kupe nawatoa kwa mkono kila jioni, jambo lisilogharimu chochote isipokuwa uvumilivu. Ila dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumike kwa kubahatisha, eti kwa sababu jirani anayo chupa iliyobaki. Nguvu yake imepangwa kwa ngozi nyingine na mwili mwingine, na mbwa hujilamba.

Sasa nisikilizwe vizuri, wala nisidhaniwe kuwa nahimiza ubahili. Banda jenga kwa mabanzi, bakuli liwe sufuria iliyotoboka na kuzibwa, mkanda wa shingoni shona kwa turubai. Chanjo ya kichaa cha mbwa usiibane. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na kampeni za halmashauri mara nyingi huitoa bure, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Aliyeumwa na mbwa asiyechanjwa hana budi kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyohiyo kwa sindano ambazo hurudiwa zaidi ya mara moja, maana dalili zikishaanza ugonjwa huo karibu kila mara huua. Mzazi anayeona uchungu kutoa nauli ya kumpeleka mbwa kuchanjwa afikirie nauli ya kumpeleka mtoto hospitali.

Kama kampeni imechelewa, zungumza na majirani wenye mbwa. Chupa moja ya chanjo kwa kawaida hutosha mbwa kadhaa, na ikishafunguliwa haiwekwi muda mrefu, kwa hiyo afisa mifugo wa kata huitikia kwa urahisi zaidi akikuta mbwa wengi wamefungwa kamba uwanja mmoja, nanyi mtagawana gharama ya safari yake. Muulizeni kwanza kama chanjo imekuja ndani ya kasha la barafu, kisha kila mmoja adai kadi ya mbwa wake kabla afisa hajawasha pikipiki.