Insulini ya nguruwe iliwezaje kufanya kazi kwa binadamu?

SWALI: Shikamooni. Nipo Mikindani, Mtwara. Bibi yangu anachoma insulini, sasa jirani kamwambia eti inatoka kwa nguruwe na bibi hataki tena hata kuiona. Ni kweli? Na kama kweli, kitu cha mnyama kinakubalije mwilini mwa mtu?

JIBU: Marahaba mjukuu wa bibi. Kwanza kabisa bibi asiache kuchoma. Insulini za siku hizi karibu zote zinatengenezwa na bakteria au hamira waliowekewa jeni ya binadamu, ilianza kuruhusiwa Marekani 1982. Nenda naye kwa mfamasia amsomee boksi lake lenyewe ili moyo utulie.

Ila jirani naye hajatunga. Kuanzia 1922 wagonjwa walichomwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na baadaye nguruwe, ikawaokoa wengi sana. Insulini ni protini ndogo, asidi amino (vipande vinavyounganishwa kujenga protini) 51 tu, na ya nguruwe inapishana na yetu sehemu 1, tena kule mkiani mbali na panaposhika kwenye seli, ya ng'ombe sehemu 3, ya mbwa ni ile ile ya nguruwe.

Sasa hapa ndo patamu. Sio kwamba jeni ya insulini haiguswi na mabadiliko, inaguswa sana tu. Insulini ikitengenezwa inakuja na kipande cha katikati ambacho mwili unakikata, na hicho kipande kinatofautiana mno kati ya mnyama na mnyama wakati zile 51 zimebaki karibu vilevile, yaani jeni ni moja na makosa ya kunakili yanatokea kote, ila yakiharibu pale panaposhika seli au umbo lenyewe mnyama anaumwa, hazai vya kutosha, na kosa linapotea naye. Ni kama mashua, rangi ya ubavuni badilisha utakavyo lakini mkuku usiuguse.

Kwa hiyo usihesabu idadi ya mabadiliko, angalia yametokea wapi. Kwenye hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, badiliko 1 tu, nafasi ya 6, linaleta selimundu inayotesa watoto wetu huku kusini. Simbilisi naye insulini yake inapishana na yetu sehemu zaidi ya 15, nguvu yake ni ndogo, lakini vifungo 3 vya salfa vinavyoshikilia umbo vyote vipo, na simbilisi anaishi na kuzaa vizuri tu.