Mkungu mzima na chikichi moja: kipi kinatangulia chini?

Mdogo wangu, umeuliza: aliye juu ya mchikichi akiachia mkungu udondoke, na papo hapo akarusha chikichi moja mbele, sambamba na ardhi, kipi kitatua kwanza? Vinafika pamoja. Huku Kigoma tumekulia chini ya michikichi na bado tunabishana!

Mwendo wa kwenda mbele hauingilii ule wa kushuka. Kutoka mita 5, vyote vinatumia takriban sekunde 1, maana mvutano wa dunia unaongeza kasi ya kushuka kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Chikichi lililorushwa kwa mita 8 kwa sekunde litaangukia kama mita 8 kutoka shinani. Mkungu unatua palepale, puu! Uzito nao hausaidii: mkungu unavutwa zaidi, ila ni mzito zaidi kuuharakisha, kwa kiasi kilekile.

Usiniletee mfano wa kuti kavu. Lile linayumbayumba kwa sababu ya hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya Mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja.