Tairi likigusa, usiachie usukani

Wazima moto walinikuta nimeketi kwenye majani kando ya njia ya kurukia, Zanzibar. Ndege nzima, mimi mzima, gurudumu la kushoto limejaa matope. "Pole, kapteni," mmoja akasema. Hilo "kapteni" liliniuma kuliko tusi.

Ilikuwa Julai, kusi limechachamaa. Njia ya pale imelala kaskazini-kusini, nami nilikuwa natua njia namba 18, yaani nikielekea kusini, nyuzi 180. Mnara ukanisomea upepo: unatoka nyuzi 140, kushoto kwangu, kasi noti 18 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Tofauti ya nyuzi 40 maana yake karibu theluthi mbili ya upepo huo inakupiga ubavuni, noti 12 hivi. Kitabu cha Cessna 172 yetu, ndege ndogo ya injini moja, kinataja noti 15 za ubavuni. Nikajiambia nimo. Kumbe ile 15 aliionyesha rubani wa majaribio wa kiwandani. Mimi nilikuwa na saa 90 tu hewani.

Na nilitua vizuri, wallahi. Bawa la kushoto chini, mguu wa kulia kwenye pedali, tairi la kushoto likagusa kwanza. Nikashusha pumzi, nikarudisha usukani katikati. Basi. Mkia wa ndege ni tanga: upepo ukiusukuma, pua inageukia unakotoka upepo. Bawa la kushoto likainuka, pua ikavutwa kushoto, nikachelewa kukanyaga kulia, kisha kwa hofu nikakanyaga breki zote mbili. Tairi ambazo bado hazijabeba uzito zinateleza tu.

Mwalimu wangu aliponipigia hakuuliza habari za ndege. "Mikono ilikuwa wapi?"

Kwa hiyo, ndugu yangu, tairi likishagusa endelea kuzungusha usukani upande wa upepo, kidogo kidogo, mpaka ukomee. Kasi ikipungua eleroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoendeshwa na usukani, zinalegea, ndiyo maana zinataka zaidi. Macho yaende mwisho wa njia. Breki ngoja ndege inyooke. Ikianza kukuponyoka mapema, kasi ingalipo na njia ni ndefu, sukuma mafuta yote, paa, uje tena.

Siku hizi kipimo changu ni noti 8 za ubavuni. Juzi nilifika usawa wa Chumbe nikasomewa upepo wa 20 unaokuja kwa mikupuo, nikageuza kurudi Dar, kwenye njia ya 14 inayolitazama kusi usoni. Shemeji yangu alikuwa anawahi harusi Mji Mkongwe. Alinuna mpaka kwenye boti.