Maswali na Majibu: Pesa za Afya ya Mtoto Shuleni

Barua za safari hii zimetoka Budalang'i hadi Njoro, hapa kwetu Kenya, na karibu zote zina kilio kimoja: mtoto akiugua shuleni, nani analipa? Nimezipunguza urefu. Matusi kwa viongozi nimeyaondoa, ingawa mengine yalikuwa yametungwa vizuri.

Mwalimu, hujambo. Kwenye mkutano wa wazazi mwenyekiti alisema serikali imefilisika, kwa hiyo kila mzazi atoe shilingi 50 kwa muhula za dawa ya minyoo ili tujisimamie. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza. Nilikosea? – Mzazi, Budalang'i

Sijambo. Hukukosea kunyamaza, ila mkutano ujao usinyamaze, maana jambo hilo lilishajaribiwa papo hapo kwenu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za msingi za Budalang'i na Funyula. Shule ziligawanywa mafungu matatu, zikaanza kupewa dawa kwa zamu: 1998, 1999 na 2001. Utoro ulipungua kwa karibu robo. Hata watoto ambao hawakumeza kidonge walipata nafuu, kwa sababu minyoo ni ugonjwa wa ujirani. Mayai yake hukaa kwenye udongo nyuma ya choo, na anayeyaacha pale si lazima awe ndiye atakayeyaokota. Kichocho nacho ni hivyo hivyo, huzunguka kati ya watoto na konokono wa majini. Wasomi wamebishana sana kuhusu hesabu za utafiti huo tangu ulipochapishwa 2004, na Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Kuna sehemu ambayo haitajwi sana, na ndiyo inayokuhusu. Mwaka 2001 baadhi ya shule hizo ziliambiwa wazazi wachangie kidogo, wastani wa senti 30 hivi za dola kwa mtoto. Shule zilizobaki bure, karibu robo tatu ya watoto walimeza dawa. Zilizotozwa, waliomeza hawakufika hata mtoto mmoja kwa watano. Usiseme ni umaskini tu. Mzazi anayemwona mwanawe akikimbia na mpira haoni kwa nini atoe hamsini kwa ajili ya mnyoo asiyemwona.

Mpango wa taifa wa dawa za minyoo shuleni, ulioanzishwa upya 2012, ni wa bure kwa sababu hiyo. Vidonge vyenyewe kwa sehemu kubwa hutolewa msaada na kampuni za dawa kupitia Shirika la Afya Duniani. Gharama iliyobaki ni ya kuvifikisha: mafuta ya gari, mafunzo ya walimu, fomu, usimamizi. Gharama hiyo haina sura ya kupigiwa picha, kwa hiyo ndiyo hukatwa kwanza. Mwambie mwenyekiti hamsini zake azielekeze kwenye sabuni na maji ya kunawa.

Mwanangu yuko bweni kidato cha pili na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Zamani EduAfya, bima ya wanafunzi wa sekondari, ilimsaidia dada yake aliyekuwa na shida hiyo hiyo. Sasa shule inasema bima ni shauri ya mzazi. Mimi nauza samaki. – Mama, Nyalenda, Kisumu

Pole mama. Wengi hawajui selimundu ilivyojaa huku kwetu magharibi na kando ya ziwa. Maumivu yakimshika mtoto saa nane usiku bwenini, swali la nani analipa halingoji asubuhi.

Nianze na la kufanya. Jiandikishe SHA, yaani mamlaka ya bima ya afya ya serikali, na umwandikishe mtoto chini ya jina lako kama mtegemezi. Kujiandikisha ni bure, na ukishaandikishwa, huduma za zahanati na vituo vya afya zinapaswa kugharimiwa na Hazina ya Afya ya Msingi hata kama hujalipa mchango. Lakini selimundu huwa haikomei zahanati. Kulazwa kwenye hospitali kubwa, kwa mfano pale Jaramogi Oginga Odinga, au Russia kama tulivyozoea kupaita, kunahitaji mchango wako uwe umelipwa. Kwa asiye na mshahara mchango hupangwa kwa kukadiria kipato cha nyumba. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nazo hudaiwa za mwaka mzima kwa mpigo: 3,600. Najua kwa muuza samaki hiyo si pesa ya kuokota. Kama mna chama cha akina mama hapo sokoni, wekeni zamu ya bima kama mnavyoweka zamu ya masufuria.

Sasa la kukasirika nalo. EduAfya ilianza 2018. Wizara ya Elimu iliilipia NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, kwa ajili ya kila mwanafunzi wa shule ya sekondari ya umma, na mtoto alitibiwa kwa kuwa ni mwanafunzi, mzazi awe tajiri au kapuku. Mwisho wa 2023 ikasimama. Oktoba 2024 NHIF yenyewe ikaondoka, SHA ikaingia, na mtoto akarudishwa mgongoni mwa mzazi.

Ilikufaje kimya kimya hivyo? EduAfya ilikuwa mkataba kati ya wizara na NHIF. Haikuwa sheria yenye jina lake. Mkataba ukiisha unaisha, hakuna mbunge anayelazimika kusimama na kusema "nakataa" au "naunga mkono" mbele ya kamera. Kwa hiyo mbunge wako akija kuomba kura, usimwulize kama anapenda watoto. Mwulize kama ataweka bima ya mwanafunzi kwenye sheria, na kwenye kitabu cha bajeti iwe na mstari wake.

Shuleni, peleka barua ya daktari inayoeleza mtoto afanyiwe nini maumivu yakianza, na jina la hospitali. Nakala moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa msimamizi wa bweni.

Nilienda kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, nikaomba muuguzi wa kutembelea shule zetu. Wakaandika, wakatupa soda. Bajeti ilipotoka sikuona kitu. Kwa nini tunapotezewa wakati? – Baba wa watoto wanne, Njoro

Ndugu yangu, ulifika wali umeshapakuliwa.

Kalenda ya pesa za kaunti imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unafikishwa bunge la kaunti. Tarehe 28 Februari unafika waraka wa mkakati wa fedha. Tarehe 30 Aprili yanafika makadirio yenyewe. Tarehe 30 Juni bajeti iwe imepitishwa. Wananchi wengi hujitokeza Mei, siku ya hema na soda. Kumbe waraka wa Februari ndio unaoweka dari: afya isizidi hapa, barabara isizidi pale. Ukiomba muuguzi mwezi wa Mei, unaomba pesa ambazo dari lake limeshafungwa, na ili upewe lazima idara ya afya inyang'anye kwingine humo humo ndani. Afisa anajua hivyo. Anaandika, anatabasamu, anakupa soda.

Kwa hiyo nenda mara mbili, Septemba na Februari. Nenda na sentensi moja, siyo hotuba: "Tunataka afya ya shule iwe programu ndogo yenye jina lake na kiasi chake." Mara nyingi imefunikwa ndani ya "huduma za kinga", pamoja na mambo mengine kumi, na kitu kisicho na jina hakihitaji hata kuibiwa ili kipotee. Bajeti ya ziada ikiletwa katikati ya mwaka, mtu anahamisha pesa kutoka kwenye fungu lile pana na hakuna anayegundua.

Nilikaa kwenye bodi ya shule moja miaka sita, naikumbuka siku tulipoandikia kaunti kuomba muuguzi. Jibu: shule za sekondari ni za serikali ya kitaifa. Tukaandikia kitaifa. Jibu: afya imegatuliwa. Majibu yote mawili ni ya kweli kabisa! Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti zahanati, vituo vya afya na shule za chekechea, na likaiachia serikali ya kitaifa shule za msingi na sekondari. Mtoto wa darasa la tano mwenye homa amesimama katikati, mpakani. Anayetaka kumtoa hapo aombe kitu ambacho kaunti haiwezi kukikana: muuguzi wa zahanati iliyo jirani apangiwe siku za kutembelea shule, na nauli yake iandikwe. Huyo ni mfanyakazi wao, na zahanati ni yao.

Shule inatutoza shilingi 800 za "chumba cha wagonjwa", lakini ndani kuna kitanda kimoja na chupa ya spiriti. Wasiolipa wanarudishwa nyumbani. Ni halali? – Mzazi, Kakamega

Kumrudisha nyumbani si halali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inataka tozo za ziada ziidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, mtoto asizuiwe kuhudhuria masomo kwa kushindwa kulipa, na kila pesa iwe na risiti rasmi. Omba kuona idhini. Omba risiti. Halafu, kwenye mkutano wa wazazi, uliza mara ya mwisho maji ya kisima yalipimwa lini. Aprili 2023 shule moja ya wasichana hapo hapo Kakamega ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kuugua na baadhi yao kufariki, na wachunguzi wakataja uchafu kwenye maji na chakula. Kitanda cha pili kisingewaokoa.

Meno ya watoto wetu ni ya kahawia na walimu wanawaambia wapige mswaki. Wanapiga. Je, kuna pesa ya dawa ya meno shuleni? – Nyanya, Bahati, Nakuru

Nyanya, waambie walimu hao wawaombe watoto radhi. Rangi hiyo hapa Nakuru ni ya madini ya floraidi yaliyo kwenye maji ya visima vya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku hupita hapo. Meno huharibika yangali yanaumbika ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo, kabla ya miaka minane hivi. Jino likishatoka limeshatoka, hakuna mswaki wa kulirudisha.

Kwa hiyo usiombe dawa ya meno. Omba chujio la mkaa wa mifupa, ambalo hunasa floraidi na limetumika Nakuru kwa miaka mingi, au tangi la maji ya mvua, tena uombee chekechea kwanza. Chekechea ni ya kaunti na maji ni ya kaunti. Hapo hakuna wa kukwambia nenda ofisi ile nyingine.

Shikamoo Mwalimu. Sodo za bure tuliletewa muhula wa kwanza, basi. Ni haki yetu au ni zawadi? – Kidato cha tatu, Vihiga

Marahaba binti yangu. Ni haki, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2017, kwa kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma. Anayezigawa akiwa amevaa fulana yenye picha yake mwenyewe anagawa pesa ya mamako.

Nikitaka kujua shule yetu ilipokea kiasi gani cha pesa za serikali na zilitumikaje, nitaambiwa? Kiingereza changu ni kidogo. – Bodaboda, Ahero

Andika kwa Kiswahili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakubali ombi la Kiswahili, haikutozi ada ya kuomba isipokuwa gharama ya nakala, na inawapa siku 21 wakujibu. Wasipojibu, malalamiko yanaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Taja mwaka wa fedha, taja kwamba unataka mgao uliopokewa na matumizi ya upande wa afya, tia sahihi na nambari ya simu. Chapisha mbili. Moja waachie, ya pili waigonge muhuri wa mapokezi wenye tarehe, uondoke nayo.